Kituo cha utrasaundi nilichopimwa mimba yangu ya kwanza: picha safi, maelezo hakuna

Nimesubiri wiki kumi kabla ya kuandika tathmini hii, kwa kuwa nilitaka hofu iniishe kwanza ndipo niweze kuwatendea haki watu walionihudumia. Ninachokitathmini ni kituo binafsi cha vipimo vya picha kilichoko Temeke, Dar es Salaam, ambako nilipimwa utrasaundi ya mimba yangu ya kwanza nikiwa na wiki 20 na siku 3. Sitakitaja jina. Lililonikuta pale nimelisikia baadaye kutoka kwa wajawazito waliopimwa kwingine kabisa, na sitaki msomaji adhani kwamba akiukwepa mlango mmoja atakuwa amelikwepa tatizo lenyewe. Nitakilinganisha na kliniki ya daktari bingwa wa uzazi katika hospitali moja ya jiji hili, nayo nitaiacha bila jina kwa usawa.

Nina umri wa miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu ni dereva wa magari ya mizigo yaendayo Zambia. Zahanati ninakohudhuria kliniki ya mama na mtoto haina mashine ya utrasaundi, hivyo muuguzi aliandika kwenye kadi yangu kwamba nikapige picha nje kabla mimba haijafika wiki 24. Huo ndio muda uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016, ule ule uliosema mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane badala ya nne zilizozoeleka. Nilifurahi kwenda. Mama mkwe, ninayeishi naye, hakufurahi, kwa sababu amesikia miaka mingi kwamba mashine hiyo ina mionzi inayomuunguza mtoto. Simlaumu hata kidogo, maana katika hospitali nyingi chumba cha utrasaundi kimewekwa ndani ya idara ambayo mlangoni pake pameandikwa neno Mionzi kwa herufi kubwa, jirani na chumba cha eksirei. Nilimweleza nilichokuwa nimefundishwa zahanati, kwamba utrasaundi ni sauti tu, sauti nyembamba kupita uwezo wa sikio la mtu, inayopenya tumboni na kurudi kama mwangwi, na kwamba mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Aliniitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, mwanangu, Mungu akutangulie," nami nikajua bado hajaridhika.

Nianze na mazuri ya kituo, kwa sababu yapo na ni ya kweli. Bei ilikuwa shilingi 30,000, imebandikwa ukutani, na nilipewa risiti bila kuidai. Mapokezi walinisalimia vizuri, wakaniuliza tarehe ya hedhi yangu ya mwisho, kisha wakanieleza kwamba kwa wiki nilizofikia sihitaji kujaza kibofu kama wale wenye mimba changa. Jambo hilo dogo lina uzito, kwa kuwa dada aliyekaa kando yangu alikuwa wiki ya 8, amekunywa maji lita moja na nusu kama alivyoagizwa, na wahudumu walimtoa kwenye foleni wakamtanguliza alipoanza kukunja uso. Choo kilikuwa kisafi. Chumba cha kipimo kilikuwa na pazia zito, na mashine ilionekana mpya. Hata jeli, ambayo wengi hulalamika kwamba ni ya baridi, ilikuwa imepashwa moto. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye mikono mepesi, akaniambia, "Mama, panda taratibu, lalia mgongo kidogo tu, ukichoka niambie nikugeuze." Nilimwamkia, akaitikia, akaanza.

Dakika za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuota. Alinionyesha uti wa mgongo, ukilala kama nyuzi mbili za shanga zilizotandazwa sambamba, akaniambia kwamba mapigo ya moyo ni 148 kwa dakika na kwamba hayo ni mapigo mazuri. Aliniuliza kama napenda kujua jinsia, nikamwambia hapana, akaheshimu. Kisha akahamia kwenye kichwa, na hapo akanyamaza. Alipitisha kifaa, akakirudisha, akabofya, akapima, akakirudisha tena mahali pale pale mara ya tatu. Aliyewahi kulala kwenye kitanda kile anajua jinsi mtu anavyousoma uso wa mpimaji pale anaposhindwa kuisoma picha. Nilimuuliza, "Kuna tatizo, daktari?" Alinijibu bila kunitazama: "Utaona kwenye ripoti, mama. Utampelekea daktari wako."

Nikafutwa jeli, nikakaa kwenye benchi dakika arobaini, nikapewa bahasha ya kaki.

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha nne na ukurasa mmoja wenye mistari sita ya Kiingereza kilichokatwakatwa. Mimi nafundisha darasa la tano na Kiingereza nakisoma, lakini maneno yale yalikuwa ya kitabibu na hayakuwa na sentensi kamili hata moja. Nilichoweza kuokota ni mambo matatu: kwamba kondo la nyuma liko mbele, kwamba mtoto ametanguliza makalio, na kwamba katika ubongo wake kuna sisti mbili, yaani vifuko vya maji, za koroidi pleksasi, moja ya milimita 4 na nyingine ya milimita 5. Mstari wa mwisho ulishauri ufuatiliaji wa kitabibu, bila kusema ni wa nini, wala kwa nani, wala kwa haraka gani.

Nilirudi dirishani nikaomba kuonana na daktari aliyesaini. Niliambiwa kwamba hayupo, kwamba hutumiwa picha kwa mtandao akaandika ripoti akiwa kwingine, na kwamba huja kituoni siku ya Jumatano. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilipozidi kuuliza, mhudumu yule yule alifungua droo akanipa kipeperushi cha kipimo cha damu ambacho sampuli yake husafirishwa nje ya nchi, kinachotafuta vinasaba vya mtoto katika damu ya mama, kwa bei ya shilingi 1,400,000, akaniambia kwamba wengi wanaopata majibu kama yangu hukichukua. Naamini hakukusudia ubaya, kwa sauti yake alikuwa na huruma. Hata hivyo, kumuuzia mjamzito aliyeshikwa na hofu kipimo cha bei hiyo, kabla ya mtu yeyote mwenye taaluma kumwambia amekutwa na nini, ni kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona pale, na ndilo lililonifanya niandike.

Siku ya kliniki yangu ilikuwa mbali, na siku zilizofuata sizisahau. Usiku ule niliandika maneno ya ripoti kwenye simu, na ukurasa wa kwanza uliofunguka ulizitaja sisti hizo sambamba na trisomia 18, hali ya mtoto kuwa na kromosomu ya 18 tatu badala ya mbili, ambayo watoto wengi wanaozaliwa nayo hawamalizi mwaka. Nilisoma hadi saa tisa usiku. Mume wangu alikuwa kwenye foleni ya malori Tunduma, simu inakatika kila dakika, na nilipomweleza alichosikia ni "ubongo" tu, akaniomba nirudie, nikashindwa. Mama mkwe aliposikia kuna maji kwenye ubongo alifikiria jambo jingine kabisa, kichwa kikubwa, ugonjwa ambao katika mtaa wetu tumeuona kwa macho, maana mtoto wa jirani alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa mpira wa kupitisha maji hayo. Akaacha kuimba asubuhi. Nilijilaumu kwamba nilianza kumeza vidonge vya foliki asidi mwezi wa tatu wa mimba, ilhali nafahamu kwamba uti wa mgongo na ubongo hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutunga, wakati mwanamke pengine hajajua hata kwamba hedhi imechelewa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba majibu yangu hayakuwa na uhusiano wowote na foliki asidi.

Jumatatu nilimfuata muuguzi wa zahanati bila kungoja siku yangu. Huyu mama anastahili shukrani kwa sentensi moja. Aliisoma ripoti, akavua miwani, akasema, "Hili la ubongo silijui, mwanangu, nisikudanganye. Haya mengine mawili nayajua, na hayana neno." Akaniandikia rufaa kwenda kwa bingwa. Kukiri kwake kwamba hajui kulinituliza kuliko kipeperushi chenye rangi nne.

Kwa bingwa nilifika siku ya tisa tangu kipimo cha kwanza. Huko huduma ya nje ni duni kuliko ya kituo cha kwanza, na lazima niseme hivyo. Nilifika saa mbili asubuhi nikaingia saa saba kasoro. Viti havikutosha, feni moja haikuzunguka, faili langu lilitafutwa mara mbili, na nililipa shilingi 70,000 za kumwona daktari na kupimwa upya. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko ile ya Temeke, pembe moja ya skrini imefubaa. Msomaji anayechagua kwa kutazama jengo na mashine angekichagua kituo cha kwanza, na mimi ndivyo nilivyofanya.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Kabla ya kunipaka jeli alivuta kiti akakaa, akasoma ripoti yote, akaniuliza, "Umeelewaje wewe?" Nikamweleza, hata lile la trisomia 18 nililolisoma usiku. Hakunikemea kwa kusoma mtandaoni. Akasema, "Basi leo tutatafuta pamoja kitu kimoja kimoja ulichokiogopa," akaigeuza skrini inielekee.

Alianza na kichwa. Akaniambia kwamba koroidi pleksasi ni kiungo kidogo kilichomo kwenye vyumba vya ndani vya ubongo, na kazi yake ni kutengeneza maji yanayouogesha ubongo na uti wa mgongo. Wakati mwingine tone la maji hayo hunaswa katikati ya mikunjo ya kiungo hicho likaonekana kama kifuko. Katika kila mimba 100 zinazopimwa miezi ya kati, moja au mbili huonekana na vifuko hivyo, na kwa kawaida hupotea vyenyewe hadi kufikia karibu wiki ya 28. Havigusi sehemu ya ubongo inayofikiri, wala havimfanyi mtoto awe mzito wa akili. Kisha akapima upana wa chumba chenyewe cha maji, akanionyesha namba: milimita 6. Akaeleza kwamba kichwa kikubwa huanza kushukiwa pale upana huo unapofika milimita 10, na kwamba vifuko vyangu na ugonjwa wa mtoto wa jirani ni mambo mawili yasiyohusiana. Nikamwomba aiandike namba hiyo nyuma ya kadi kwa ajili ya mama mkwe. Akaiandika.

Lile la trisomia 18 hakulikwepa. Alisema kwamba ni kweli vifuko hivi huonekana zaidi kwa watoto wenye hali hiyo, na ndiyo sababu huandikwa kwenye ripoti. Lakini hali hiyo yenyewe ni ya nadra, takriban mtoto mmoja kati ya 5,000 au 6,000 wanaozaliwa hai, na kwa kawaida haiji na vifuko peke yake. Huja na kasoro za moyo, ukuaji hafifu, na mara nyingi viganja vilivyokunjwa ngumi, vidole vikipandana, visivyofunguka. Kwa hiyo tukatazama moyo, vyumba vinne, milango ikifunguka na kufunga. Tukatazama mshipa unaotoka na kuvukana na mwenzake. Tukapima paja, tumbo na kichwa, vyote vikalingana na wiki zangu. Tukabaki na mikono.

Mkono wa kushoto ulikuwa wazi. Wa kulia ulikuwa umekunjwa chini ya kidevu, ngumi. Daktari hakusema neno. Alinigeuza ubavu wa kushoto, akasubiri. Akanigusa tumbo kidogo kwa ncha za vidole, akasubiri tena. Foleni nje ilikuwa ndefu, nasikia miguu, na muuguzi alichungulia mara moja akafunga mlango. Niliitazama saa ya ukutani, zikapita dakika kama nane. Kisha mtoto alijinyoosha, mkono ukashuka kutoka kidevuni, na vidole vikafunguka polepole kimoja baada ya kingine, vyeupe kwenye skrini ile iliyofubaa, vitano, nikavihesabu kwa sauti pamoja na daktari. Alibofya kusimamisha picha. Akasema, "Huu ndio mkono tuliokuwa tunausubiri." Nililia, naye akanipa karatasi ya kufutia jeli nijifutie machozi.

Dakika nane zile ndizo huduma ninayoizungumzia katika tathmini hii. Kituo cha kwanza kilikuwa na mashine ya kuuona mkono ule vizuri kuliko hospitali. Nilizitazama upya zile picha nne za bahasha, na hakuna hata moja ya mkono, wala ripoti haikutaja kama mikono ilitazamwa. Mtu akiandika jambo la kutisha bila kuandika kama alilitafuta lile linaloweza kulithibitisha au kuliondoa, amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki amembebesha mjamzito aende nayo nyumbani.

Kuhusu kipimo cha damu cha shilingi 1,400,000, nilimwonyesha daktari kipeperushi. Hakukiponda. Alisema kwamba ni kipimo kizuri, hufanyika kuanzia wiki ya 10, na uwezo wake wa kugundua hali ya Down, yaani mtoto kuwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, ni mkubwa kuliko wa vipimo vya awali vya zamani. Hata hivyo nacho ni kipimo cha kuchuja tu, kwa kuwa vinasaba kinavyovisoma hutoka kwenye kondo la nyuma, na kondo huweza kutofautiana na mtoto. Majibu yake yakiwa mabaya bado hayathibitishi kitu hadi yachotwe maji ya uzazi kwa sindano, kazi inayofanywa kuanzia wiki ya 15 na yenye hatari ndogo ya mimba kutoka. Akachukua karatasi akanichorea maana ya kuchuja, na mchoro huo nimewaonyesha walimu wenzangu wote wenye mimba. Tuseme wanawake 1,000 wanapima kile kipimo cha wiki ya 11 hadi 14, kinachounganisha damu ya mama na unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto, ambacho hupangwa hivi kwamba huwaita kimakosa wanawake 5 katika kila 100. Watakaoambiwa kwamba wana hatari kubwa ni kama 50. Kwa kuwa hali ya Down hutokea takriban mara moja katika kila watoto 700, kati ya hao 50 mwenye mtoto wa hali hiyo ni mmoja au wawili. Wengine wote watarudi nyumbani wamebeba neno "hatari" na mtoto asiye na hali hiyo. Nilimuuliza kama mimi nikichukue. Alinijibu kwamba, kwa picha aliyoiona, yeye asingenishauri niuze kitu cha ndani ili nikilipe, lakini kama nikiona sitalala bila kukipima basi fedha ni zangu na uamuzi ni wangu na mume wangu. Hatukukipima.

Yale mawili mengine aliyamaliza haraka. Kondo la nyuma kuwa mbele maana yake limejishika upande wa tumbo badala ya mgongoni, na athari yake kubwa ni kwamba mama huchelewa kidogo kusikia mateke. Kinachofuatiliwa ni kondo kuwa chini, karibu na mlango wa kizazi, na hata hilo mara nyingi huwa limepanda kadiri mji wa mimba unavyokua. Na mtoto wa wiki 20 kutanguliza makalio si habari, kwa kuwa ana nafasi ya kupinduka mara nyingi kwa siku, na wengi huwa wamegeuka kabla ya wiki ya 36.

Baada ya wiki mbili nilirudi kituo cha Temeke, kwa sababu niliona si haki kulalamika mtaani bila kuwaambia wenyewe. Msimamizi alinipokea ofisini, akanisikiliza hadi mwisho, akaomba radhi kwa habari ya kipeperushi. Kuhusu ukimya wa mpimaji alieleza kwamba kazi ya mtaalamu wa picha ni kupima na kuandika anachokiona, na kwamba kumpa mgonjwa maana ya ugonjwa ni kazi ya daktari. Nakubaliana naye, na namtetea yule kijana, maana angeniambia jambo lisilo sahihi ningekuwa na malalamiko makubwa zaidi. Lakini kati ya kunipa maana ya ugonjwa na kunigeuzia kisogo ipo nafasi ya sentensi mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzisema: kwamba ameona jambo linalotakiwa kutazamwa na daktari, na kwamba daktari huyo anapatikana siku fulani, saa fulani, kwa namba fulani, bila malipo ya ziada. Nilimwandikia sentensi hizo kwa Kiswahili kwenye karatasi. Alizichukua. Kama zinatumika sasa, atakayekwenda atatujulisha.

Hukumu yangu ni hii. Kituo cha kwanza nakipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa usafi, bei ya wazi na upole wa mapokezi. Kwa anayetaka kujua umri wa mimba mapema, kazi ambayo picha ya miezi mitatu ya kwanza huifanya kwa usahihi kuliko ya miezi ya mwisho, ningesema aende bila wasiwasi, na achague Jumatano ambayo daktari yupo. Kwa kipimo cha wiki ya 18 hadi 22, kile cha kumtazama mtoto kiungo kwa kiungo, nisingempeleka hata adui yangu mahali ambapo hakuna mtu wa kumweleza majibu siku hiyo hiyo. Kabla ya kulipa, uliza dirishani nani anasaini ripoti na kama utaonana naye. Ukijibiwa kwamba ripoti utampelekea daktari wako, uliza moyoni mwako kama huyo daktari wako yupo na utamfikia lini. Wengi wetu tunahudhuria zahanati ambako anayetuona ni muuguzi, na neno "daktari wako" halina mtu nyuma yake.

Hospitali ya bingwa naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya foleni, kwani wajawazito wa miezi minane walisimama saa nzima jua likiwapiga barazani, na hilo halihitaji fedha za mashine kulirekebisha, linahitaji mabenchi manne na turubai.

Nilirudi huko wiki ya 29, safari hii na mama mkwe, ambaye aliomba mwenyewe kuingia. Vifuko havikuonekana tena, chumba cha maji kilikuwa milimita 5, kichwa kimeelekea chini, kondo liko juu. Daktari aliyaandika hayo manne nyuma ya kadi yangu, kwa Kiswahili, kila moja mstari wake. Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na skrini, mtandio ameukunja mkononi, na swali lake lilikuwa moja tu: "Daktari, ule mkono wa kulia, naomba na mimi niuone."